Chanjo kwa Mtu Mzima Asiye Mzima

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike habari za chanjo, nadhani alitazamia niandike juu ya watoto wachanga, maana ndivyo watu wengi wafikirivyo: chanjo ni jambo la mama na mtoto, kadi ya kliniki, mizani iliyotundikwa kwenye boriti, na vilio. Mimi nimechagua njia nyingine. Nataka kueleza habari za chanjo kwa watu wazima, tena si wote, bali wale walio na maradhi ya kudumu: sukari, presha, pumu, figo, saratani, sikoseli, na wale wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Lugha yetu ina mchezo hapa. Mtu mzima ni yule aliyekwisha kukua, na mzima ni yule asiyeumwa. Basi mtu mzima aweza kuwa si mzima, na huyo ndiye ninayemwandikia, au tuseme nawaandikia ninyi wanafunzi mnaoishi naye nyumbani.

Nimechagua watu hao kwa sababu ndio niwasikiao mara kwa mara wakisema, "Mimi ni mgonjwa tayari, chanjo itanimaliza." Maneno hayo hayatoki kwa wapumbavu. Mzee mmoja wa huku kwetu, mwenye sukari ya miaka mingi, aliniambia akiwa ameketi karibu na kahawa yake aliyoianika juani, "Mwalimu, gari bovu halipakiwi mzigo wa kupanda Kamachumu." Alikuwa na maana kwamba mwili wake ndilo gari, na chanjo ndio mzigo. Nikamwambia, "Mzee wangu, umesema vizuri, lakini chanjo si mzigo, ni mtu anayemwambia dereva mapema mahali daraja lilipovunjika." Alicheka, wala hakukubali siku ile. Hata hivyo maneno yake yalinifanya nifikiri namna ya kulieleza jambo hili vizuri zaidi kuliko kwa mifano ya magari.

Neno chanjo latokana na kuchanja, yaani kukata au kupasua, kama mtu achanjavyo kuni. Wazee walichanja chale ili kutia dawa chini ya ngozi. Wazungu nao walipoleta kinga ya ndui waliikwaruza ngozi ya mkono, na mtu akabaki na kovu. Kwa hiyo watu wetu hawakuhitaji kutafuta neno jipya. Kinga hiyo ilitokana na kazi ya tabibu wa Uingereza, Edward Jenner, ambaye mwaka 1796 alimchanja mtoto kwa ugonjwa mwepesi wa ng'ombe ili asipatwe na ndui. Siku hizi chanjo nyingi hupigwa sindano au hutiwa mdomoni, lakini jina limebaki lile lile.

Sasa tutazame kazi yake. Katika damu ya kila mtu mna chembe nyeupe, nazo ndizo askari wa mwili. Zipo zenye kazi ya kumeza vijidudu moja kwa moja. Zipo zitengenezazo kingamwili, navyo ni vitu vidogo mno viendavyo kumkamata adui wa namna moja tu, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli lake wala si katika jingine. Na zipo zenye kazi ya kukumbuka. Kijidudu kigeni kinapoingia mara ya kwanza, mwili huchukua wiki moja au mbili kutengeneza kingamwili za kutosha, na katika siku hizo maradhi hupata nafasi ya kukua. Kikirudi mara ya pili, chembe zenye kumbukumbu huamka kwa muda mfupi na kazi huanza mara. Chanjo huupa mwili kumbukumbu hiyo bila kuupitisha katika maradhi yenyewe. Hiyo ndiyo siri yake yote.

Mwenye maradhi ya kudumu hupungukiwa mahali fulani katika jeshi hilo, na kila maradhi yana namna yake. Kwa mgonjwa wa sukari, damu inapokaa na sukari nyingi siku nyingi, zile chembe za kumeza vijidudu huwa nzito, huchelewa kufika na humeza kwa uvivu. Ndiyo sababu kidonda kidogo cha mguu kwa mwenye sukari huweza kuwa kidonda cha miezi. Mgonjwa wa figo hubeba katika damu taka ambazo figo zilipaswa kuzitoa, na taka hizo hudhoofisha askari; tena akifikia kusafishwa damu kwa mashine, damu yake hupita katika mipira mara nyingi kwa wiki, kwa hiyo homa ya ini aina ya B humkaribia kuliko mtu mwingine. Mwenye saratani hupewa dawa ziuazo chembe zinazokua upesi, nazo haziwezi kutofautisha barabara chembe za saratani na zile zinazozaliwa ndani ya mifupa ili kuwa askari. Mtu anayemeza vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu, labda kwa ajili ya maradhi ya viungo, hutuliza kwa makusudi jeshi lake mwenyewe.

Habari ya sikoseli yapasa kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa Tanzania ni mojawapo ya nchi ambamo watoto wengi sana huzaliwa nayo, na mikoa ya Ziwa ina sehemu yake kubwa. Upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, kuna bandama. Kiungo hiki ni chujio la damu. Viko vijidudu vya kichomi vilivyojivika koti la utelezi hata chembe nyeupe zikashindwa kuvishika. Hivyo hunaswa hasa na bandama. Kwa mgonjwa wa sikoseli, chembe nyekundu zilizopinda kama mundu huziba mishipa midogo ya bandama, na katika miaka ya utoto kiungo hicho huharibika na kunyauka. Mtoto huyo akikua, watu humwona anatembea, anasoma, anacheza, wala hawajui kwamba chujio lake halipo tena. Kichomi kinachomlaza mwingine wiki moja chaweza kumwua yeye kwa siku moja au mbili. Kwake yeye chanjo ya kichomi ni badala ya kiungo alichopoteza.

Virusi vya UKIMWI hufanya kazi mbaya kuliko hizo zote, kwa sababu huenda moja kwa moja kwa chembe ziitwazo CD4, ambazo ndizo hutoa amri kwa askari wengine. Lakini yafaa niseme wazi: mtu anayemeza dawa zake za ARV kila siku, na virusi vyake vikawa vimefubazwa, huweza kurudishiwa sehemu kubwa ya jeshi lake. Anayefanana na mgonjwa wa zamani ni yule asiyejipima au aliyeacha dawa.

Kuna pia watu ambao jeshi lao halina kasoro kubwa, ila nyumba yao ni dhaifu. Mwenye moyo uliochoka au pumu akipata mafua makali yale yampatayo kijana akalala siku tatu, yeye aweza kuhitaji hewa ya oksijeni.

Mtu akisikia haya aweza kuniuliza swali la haki: ikiwa askari ni dhaifu, je, watajifunza lolote kwa chanjo? Jibu ni kwamba hujifunza, ila wengine hujifunza kidogo, kama mwanafunzi anayehitaji kurudiwa somo. Ndiyo maana wagonjwa wa figo hupewa chanjo ya homa ya ini kwa kipimo kikubwa zaidi, na wakati wa UVIKO-19 wenye kinga dhaifu walishauriwa kupata dozi moja zaidi ya wenzao. Pia ndiyo maana matabibu hupenda, ikiwezekana, mgonjwa wa saratani achanjwe wiki mbili au zaidi kabla ya kuanza dawa zake kali. Udhaifu wa mwili huongeza haja ya chanjo na huongeza idadi ya dozi. Watu wengi huifanya hesabu hii kinyume: huona udhaifu, wakaondoa chanjo.

Hata hivyo nilikwisha kusema kwamba maneno ya mzee yule hayakuwa ya upumbavu. Kuna chanjo ambazo wagonjwa fulani wana haki kabisa kuziogopa, nami sitaki msomaji aende nyumbani na nusu ya habari. Chanjo ni za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza haina kijidudu chenye uhai wa kuzaana. Yaweza kuwa kijidudu kilichouawa, au kipande chake tu, kama ilivyo chanjo ya homa ya ini aina ya B, au sumu yake iliyoondolewa makali, kama chanjo ya pepopunda. Chanjo za kichomi zitumiwazo na wengi hutengenezwa kwa vipande vya lile koti la utelezi. Chanjo ya mafua ya sindano imo humu, na zile za UVIKO-19 zilizotumika Tanzania, yaani Janssen, Sinopharm, Pfizer na Moderna, zote hazina uwezo wa kuzaana mwilini. Kwa hiyo haiwezekani chanjo ya namna hii impe mgonjwa ugonjwa ule ule, hata kinga yake iwe dhaifu namna gani. Mkono utauma, pengine homa itakuja siku moja au mbili. Madhara makubwa yapo lakini ni ya nadra sana, kama kuganda kwa damu kulikoonekana kwa watu wachache waliopata Janssen.

Namna ya pili ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Humo imo chanjo ya surua, homa ya manjano, BCG ya kifua kikuu, na matone ya polio. Kwa mtu mwenye kinga nzuri vijidudu hivyo huzaana kidogo, hufundisha, vikaisha. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka mno vyaweza kukosa wa kuvizuia. Kwa mfano, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye CD4 zake ziko chini ya 200 hapewi chanjo ya homa ya manjano. Akiwa lazima asafiri, tabibu humwandikia barua ya kueleza sababu. Yule ambaye CD4 zake zimepanda, tabibu aweza kumruhusu. Hofu ya wazee basi ina mzizi wa kweli, ila mti wenyewe ni mdogo kuliko kivuli chake, kwa kuwa chanjo ambazo mgonjwa wa sukari au presha huzihitaji zaidi karibu zote ni za ile namna ya kwanza.

Ikiwa mambo ni hayo, mbona watu wazima wenye maradhi hawachanjwi kwa wingi? Wengine husema ni ujinga. Mimi naona sababu nyingi si za ujinga hata kidogo.

Tutazame miaka. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, nao ulikusudiwa watoto. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika mpango huo mwaka 2002, na ile ya kichomi ilianza kutolewa mwaka 2013. Hesabu mwenyewe. Mwanafunzi wetu huenda alichanjwa homa ya ini akiwa mchanga, lakini mwalimu wake, baba yake na mama yake hawakuchanjwa, kwa kuwa walizaliwa mapema mno. Na kijana wa sikoseli aliyezaliwa kabla ya 2013 alikosa chanjo ya kichomi kwa kosa la tarehe tu. Hakuna aliyekataa hapo. Mlango ulifunguliwa wao walipokwisha kupita.

Tena tutazame mahali penyewe. Katika zahanati na vituo vyetu vya afya, friji la chanjo hukaa upande wa kliniki ya mama na mtoto. Mwanamume wa miaka 60 mwenye sukari huja kila mwezi kupimwa na kuchukua dawa, naye hukaa upande mwingine wa jengo. Kwenda kuketi kwenye benchi la akina mama wanaonyonyesha ni jambo asilolifikiria, wala hapana anayemwambia aende. Hivyo mtu anayefika kituoni mara 12 kwa mwaka aweza kupita mbele ya friji hilo miaka kumi bila kukutana nalo.

Jambo jingine ni chupa. Chupa moja ya chanjo ya Janssen ilikuwa na dozi tano, na ikifunguliwa ilipaswa kutumika ndani ya saa sita, la sivyo imwagwe. Mwuguzi aliyekuwa na mtu mmoja tu mbele yake alikuwa na shida ya kweli: afungue chupa na kumwaga dozi nne, au amwambie mtu huyo angoje wenzake? Nilimsikia bibi mmoja aliyetembea tangu alfajiri mpaka zahanati moja, akaambiwa arudi siku watu watakapotimia. Hakurudi. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa moyo. Katika hesabu za serikali bibi huyo angeandikwa miongoni mwa wasiochanjwa, na msomaji wa hesabu angedhani alikataa.

Na kuna siri. Jambo hili halizungumzwi sana, nami naliona kuwa kubwa. Chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa Tanzania Julai 2021, waliotangulizwa walikuwa watumishi wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi ya kudumu. Baadaye ikafunguliwa kwa kila mtu mzima. Mpango huo wa kuwatanguliza dhaifu ni mzuri kitabibu. Lakini mfikirie kijana wa miaka 25 anayesimama katika mstari huo kijijini, mbele ya jirani zake. Jirani watauliza moyoni: huyu si mzee, si mwuguzi, basi ana nini? Mstari wenyewe ulisema kile alichokuwa akikificha. Kwa maoni yangu, chanjo ya watu hawa yafaa ipelekwe ndani ya chumba kile kile wanakochukulia dawa, iwe ni kliniki ya CTC au ya sukari, ili asiwepo mtu wa kusimama mahali papya na kutazamwa.

Huku Kamachumu siri hiyo ina historia. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania waligunduliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, hapa hapa kwetu. Kabla jina la kitabibu halijajulikana, watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za biashara zilizotoka upande wa Uganda, na wengi walidhani ni uchawi wa wafanya biashara waliodhulumiana. Watu walizika vijana wao wakiwa hawajui kinachowaua. Nchi iliyopita katika mambo hayo haiwezi kulaumiwa ikiwa inasikiliza uvumi kwa masikio mawili. Dawa za ARV zilianza kutolewa na serikali bila malipo mwaka 2004, na kila mmoja wetu ameona watu waliokuwa wamebebwa machela wakirudi kulima migomba yao. Kwa hiyo watu wetu wamekwisha kuona kwa macho kwamba dawa ya hospitali yaweza kuurudisha mwili.

Siwezi kuacha habari za 2020 na 2021. Mei 2020 nchi yetu iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa wa UVIKO-19. Januari 2021 Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, akiwa Chato, wilaya jirani ambayo hadi 2012 ilikuwa katika mkoa wetu wa Kagera, aliwatahadharisha wananchi juu ya chanjo za kigeni. Miezi sita baadaye, Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu wote na kuzindua chanjo hizo. Mwananchi wa kawaida aliambiwa mambo mawili katika mwaka mmoja. Wengi walichukua njia ya mkulima mwenye busara anapoona wingu lisiloeleweka: walingoja. Ilipofika Septemba 2021 serikali ilianza Mpango Harakishi na Shirikishi, watumishi wakaenda vijijini, sokoni na majumbani, na watu wengi wakachanjwa. Jambo hilo lanifundisha kwamba wengi waliodhaniwa kuwa wakaidi walikuwa wakingojea mtu wanayemjua aje kuketi nao.

Wala si kweli kwamba mtu mzima wa Tanzania hapendi chanjo. Mama zetu wamechanjwa pepopunda katika kila mimba. Hujaji aendaye Makka huchanjwa homa ya uti wa mgongo, kwa sababu Saudia haimpokei bila hiyo. Msafiri hutunza kadi yake ya manjano pamoja na pasipoti. Na mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hukimbilia sindano hata akiwa na presha, sukari na miaka 70, wala hasemi kwamba mwili wake ni gari bovu. Huko Biharamulo na Bukoba Vijijini tumeona virusi vya Marburg mara mbili, mwaka 2023 na mwaka 2025, na katika siku zile sikumsikia mtu yeyote akibishana juu ya chanjo, maana chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa haikuwapo. Kila mtu aliuliza tu, "Hakuna sindano?"

Liko jambo moja la jirani zetu wa Somalia ambalo hupenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini, chanjo ilikuwa karibu naye kila siku, lakini aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya mkono. Alipanda gari kwa dakika chache kuwaonyesha njia watu waliochukua watoto wagonjwa, na hiyo ilitosha. Alipona. Baada ya miaka mingi alijiunga na kazi ya kupambana na polio, akawa akiwaeleza wazazi habari yake mwenyewe, hadi alipofariki mwaka 2013.

Sasa nije kwa wale wanaoishi na mgonjwa. Nimesema kwamba miili mingine hujifunza kidogo hata baada ya dozi za ziada. Mtu huyo hulindwa na watu wanaomzunguka. Mnyauko wa migomba ulipoingia wilaya ya Muleba mwaka 2006, waliookoa mashamba yao ni wale waliokata maua dume kwa mti wenye panda na kupitisha panga motoni kabla ya kwenda kwenye shina jingine, hata kwa migomba iliyokuwa bado mizuri. Hawakungoja kuuliza mgomba upi ni dhaifu. Katika nyumba yenye bibi mgonjwa wa mapafu, mjukuu anayetoka bwenini na mafua ndiye apasaye kufikiriwa kwanza. Anawe mikono, asimkoholee bibi, na chanjo zake ziwe zimetimia.

Wasichana wa shule hii wana neno lao pia. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yuko katika hatari ya saratani hiyo mara sita kuliko mwenzake asiye navyo, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri apate dozi mbili au tatu, wala si moja. Msichana aliye katika hali hiyo aweza kumwuliza mwuguzi wake wa CTC kwa faragha. Si lazima mwalimu wala mwenzake bwenini ajue.

Kuhusu mahali pa kupata chanjo, lazima niseme ukweli usiopendeza. Chanjo ya mafua na ile ya kichomi kwa watu wazima hazimo katika mpango wa kawaida usio na malipo. Hutafutwa katika hospitali kubwa na vituo vya mijini, na hulipiwa. Chanjo ya homa ya ini kwa mtu mzima nayo mara nyingi hulipiwa, huchukua dozi tatu katika muda wa miezi sita, na yafaa mtu apimwe damu kwanza, maana aliyekwisha kuambukizwa haitamsaidia. Ile ya pepopunda ni rahisi kupatikana. Kwa mwenye kipato kidogo ningeshauri amwulize tabibu wake ni ipi imfaayo kwanza kwa maradhi yake, kuliko kutafuta zote. Kwa wa sikoseli ni kichomi. Kwa wa figo ni homa ya ini. Amtajie pia dawa zote anazomeza, hata za mitishamba, na aseme kama amewahi kuvimba uso au kukosa pumzi baada ya sindano yoyote.

Mtoto ana kadi yake ya kliniki, lakini mtu mzima hana, ndiyo maana ukimwuliza baba yako alichanjwa nini na lini, atakuonyesha kovu la begani tu. Daftari la kliniki ya sukari au ya presha lina kurasa tupu nyuma. Mwombeni mwuguzi aandike hapo jina la chanjo, tarehe, namba iliyo juu ya chupa, na siku ya kurudi.